Siafu na Mgeni wa Kadzo

Paukwa!

Pakawa!

Nyumba nawapa!

Tupe, tutaifagia!

Basi, palikuwa na mjane jina lake Kadzo, na bintiye mdogo Mbeyu. Siku moja akaja bibi kizee na fimbo yake.

"Mwanangu, mimi ni shangazi yake marehemu mumeo. Nipe kigoda nipumzike."

Kadzo akampa. Ee, kigoda hicho hakukiacha tena. Akiitwa kisimani, hasimami. Akiitwa msibani, hasimami. Mtu akimtazama tu, hasimami.

Mbeyu akaanza kukonda. Kila asubuhi kisigino chake kina alama za meno. Dawa zikaisha, na mtoto hata uji hataki. Kadzo akawa anatwanga huku analia.

Siku moja, mchana, wakaja siafu, mstari mweusi toka kichakani hadi mlangoni. Kadzo akachota majivu ya moto awamwagie.

"Mwaga," akasema mgeni. "Mwaga haraka. Mwaga yote."

Kadzo akasita, maana sauti ile ilikuwa inatetemeka. Akakumbuka desturi ya kwao: siafu wakija, watu huwaachia nyumba ili wawale panya, nge na mende, kisha siafu huondoka wenyewe. Akayarudisha majivu mekoni.

"Shangazi, kwetu siafu wakija, sisi ndio hutoka. Njoo nikushike mkono."

"Sitoki."

"Watakuuma."

"Nimesema sitoki."

Kadzo akambeba Mbeyu, akasimama uani. Siafu wakaingia. Wakapanda kigoda. Wakapanda kanga ya mgeni. Mgeni akaruka na yowe, na nyuma yake mkia, mrefu kama wa kenge! Kumbe ni zimwi, ndilo lililokuwa likimnyonya mtoto damu. Likatoboa ukuta, likakimbia na siafu wake mwilini, na halijarudi hadi leo.

Jioni siafu wakaenda zao. Nyumba safi, hata panya mmoja hayumo. Asubuhi Mbeyu akaomba uji, akaumaliza, akaomba tena. Kadzo akalia, safari hii kwa shukrani.

Kisigino kilipopona, Mbeyu alikutana na siafu njiani. Akainua mguu juu sana, akawavuka.

"Asanteni," akawaambia.

Na mama yake nyuma akawavuka vivyo hivyo, akawashukuru.

Hadithi yangu naiacha hapo mlangoni. Aliyekufaa mshukuru, hata akiwa mdogo, hata akiwa anauma. Na wewe ambaye tangu jioni hujainuka kigodani, hebu simama tukuone nyuma.