Mwanamvua na Wino wa Majini

"Wino wa majini hautii kidole, hutii pumzi."

Mmemsikia fundi akimwambia hivyo mwenzenu aliyekuwa akivuta uzi wa jalada kwa nguvu, na sasa mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Sogezeni viti. Methali hii naijua tangu ilipozaliwa, maana nilikuwapo, tena iliniuma.

Alikuwako hapa Tanga fundi wa hina, Bi Mwanamvua. Bibi harusi asiyepakwa na yeye alijiona hajaolewa sawasawa. Kisha mikono ikaanza kumtetemeka. Mistari ikapinda, wateja wakapotea mmoja mmoja, na watu wakasema amekwisha. Ndipo akaja hapa kiwandani, tunapojalidi vitabu, ajifunze sanaa ya Kijapani ya kupamba karatasi kwa wino unaoelea majini. Mwalimu wetu alikuwa Bi Chiyoko, na nafasi ya kazi ilikuwa moja tu. Mimi pia niliitaka.

Kazi yenyewe ni hivi. Unagusisha brashi ya wino juu ya maji, pete inatanuka. Unagusisha brashi ya pili, yenye sabuni kidogo, pete inasukumwa nje. Pete ndani ya pete, hata beseni lijae. Kisha unalaza karatasi, unainua, na picha imeshaganda juu yake.

Pete Mwanamvua alizipata, lakini kila moja ilipopinda aliinyoosha kwa kidole, kama alivyozoea kunyoosha ua la hina. Na kidole cha fundi wa hina, jamani, kimelowa mafuta ya karafuu miaka thelathini! Kilipogusa tu, wino ulikimbia pande zote. Wiki tatu alitoa karatasi zenye mabaka. Msimamizi wetu, Bwana Shekiondo, akamwambia mbele ya watu, "Bibi, mkono umekwisha. Kapumzike."

Siku ya mtihani wa kugombea nafasi ile, kati ya karatasi tatu alizopewa akaharibu mbili. Ikabaki moja. Pete zikapinda tena, kidole kikanyanyuka.

"Bi Mwanamvua," mwalimu akamzuia, "mikono weka nyuma. Puliza."

"Nipulize nini, mwalimu? Kwani huu uji?"

"Puliza tu. Polepole."

Akafunga mikono mgongoni, akainama, akapuliza kama anayemtoa mtoto vumbi jichoni. Pete zikaanza kutembea. Zile zilizopinda kwa kutetemeka zikawa mishipa ya jani, kila mpindo mahali pake.

Ilibaki kulaza karatasi, na hapo mkono unaotetemeka hauna ujanja. Nilimwona akiitazama, machozi yanamlengalenga. Roho yangu ilinikataza kumsaidia, maana nafasi ile niliitaka sana. Hata hivyo nikashika pembe ya pili, tukailaza pamoja.

Alipoiinua, kigelegele cha kwanza kilikuwa changu, na chumba kizima kikapokea. Wajukuu zangu, sijapata tena kuona karatasi kama ile. Nilishindwa, na nilifurahi.

Bwana Shekiondo akasimama, akaipokea kwa mikono miwili.

"Bi Mwanamvua, nilikukosea. Nafasi ni yako. Ila niambie, umewezaje?"

Mwanamvua akacheka kwa sauti, mikono yake inatetemeka mbele ya watu wote wala haifichi.

"Wino wa majini, bwana," akasema, "hautii kidole, hutii pumzi."