Glasi Moja ya Mvinyo wa Fintan

Hapo zamani, lakini si ile zamani ya wanyama kusema, katika nchi ya Ayalandi, pembeni kabisa upande wa magharibi, aliishi mama mjane aliyeitwa Gobnait. Jina gumu, najua. Litamkeni mnavyoweza, mwenyewe hayupo hapa kuwasahihisha.

Nchi ile ina baridi, na msinitajie baridi ya Njombe. Ya Njombe unavaa sweta, unakunywa chai ya tangawizi, mmemalizana. Ya kule inaingia ndani na kukaa nawe mezani. Majira ya baridi saa kumi na moja jioni giza limeshashika, na mtu anayeishi peke yake anakabidhiwa jioni ndefu asiyojua aifanyie nini. Gobnait alikuwa peke yake. Mumewe, Fintan, alifariki majani yalipoanza kupukutika, na binti yao mmoja waliyemzaa aliishi Australia.

Kijiji chao kilisifika kwa chakula. Hakukuwa na viwanda, kila nyumba ilikuwa na kitu chake cha kutengenezwa kwa mkono. Sorcha alikuwa na mbuzi, na kwa maziwa yao alitengeneza jibini lenye mistari ya buluu, lile ambalo ukilinusa unataka kukimbia, ukilionja unavuta kiti. Dervla alikausha samaki kwa moshi wa magogo ya mti wa mwaloni. Attracta alioka mkate mweusi wa magadi na keki nzito ya matunda makavu. Wote watatu walikuwa majirani wa Gobnait, na wote watatu waliishi peke yao pia, ingawa hakuna aliyekuwa akilisema hilo.

Baridi ikikolea, watu wa pale hula hivi: mkate, samaki, jibini, na mwisho glasi ndogo ya mvinyo mtamu, mzito, wa rangi ya asali, unaonywewa polepole kando ya moto. Wewe usiyekunywa usininunie, hadithi haijamlewesha mtu. Fintan aliupenda mvinyo ule kuliko vyote, na alipokufa aliacha chupa moja kabatini, tena ile ndogo. Siku zake za mwisho alimwambia mkewe, "Usiunywe peke yako. Mmiminie glasi ya kwanza atakayekutoa upweke, kisha umpe kiti changu."

Gobnait akakubali. Angekataaje?

Sasa tuje kwenye desturi, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika. Katika kijiji kile, mtu akifiwa, nyumba yake haipigwi hodi majira yote ya baridi ya kwanza. Unaleta chakula, unakiweka dirishani, unaondoka. Mfiwa akitaka watu, atafungua mlango aite. Kwao hiyo ndiyo heshima, mtu aachwe na kilio chake. Lakini Gobnait hakuzaliwa pale, aliolewa pale. Kwao, ng'ambo ya milima, mfiwa haiti mtu. Anakaa kitako, na watu wanajaa wenyewe, wanakula, wanapiga soga mpaka mwenye msiba atamani waondoke. Kwao mfiwa anayeita watu ni mtu aliyekosa watu, na hiyo ni aibu kubwa. Kwa hiyo kijiji kilingoja aite, na Gobnait alingoja waje.

Sorcha akaja. Akaweka jibini dirishani, akaenda zake. Akaja tena, akaweka, akaenda zake. Gobnait akisikia hatua zake kwenye kokoto huacha alichoshika na kutulia kabisa. Nje, Sorcha naye alikuwa akisimama kidogo kwenye mvua, huenda akaitwa. Huku hakuna aliyeita, kule hakuna aliyebisha, na mlango uliokuwa katikati yao haukuwa na hata komeo. Kisha hatua zinaondoka. Gobnait anachukua jibini, anakata kipande, anakila amesimama, kwa sababu kukaa mezani mbele ya kiti kitupu kulimuuma. Jibini lile watu wa mjini walilifuata kutoka mbali, na yeye alikuwa akilimeza tu apate kulala.

Dervla akaja. Huyu desturi hakuijali hata kidogo. Alisukuma mlango, akaingia na samaki wake, akakaa, akala samaki mwenyewe, na jibini la Sorcha juu yake. Akasema. Akasema habari za mguu wake, za dada yake waliyekosana, za mashua iliyouzwa, za mguu wake tena. Hakumuuliza Gobnait hata mara moja kama amelala vizuri. Nadhani hata asingeingia kama nyumbani kwake kungekuwa na mtu wa kumsikiliza. Lakini siku moja alipokuwa akiigiza jinsi padri alivyoteleza kwenye tope, Gobnait akacheka, akacheka mpaka akashika meza. Dervla alipoondoka nyumba ilinyamaza vibaya kuliko kabla hajaja. Na alikuja alipojisikia, si alipohitajika.

Attracta hakuja. Attracta na Gobnait hawakuwa wakisemeshana tangu zamani, tangu harusi ya binti yake Gobnait, ambapo mkate wa Attracta uliachwa jikoni na mezani ukawekwa mkate ulionunuliwa mjini. Nyinyi mnaweza kucheka, ni mkate tu. Lakini mtu ameamka alfajiri kukukandia unga, halafu wageni wako wanakula wa dukani mbele yake. Attracta aliapa hatakanyaga nyumba ile, na hakukanyaga hata siku ya mazishi. Ila nyumba zao zilitazamana, moja upande huu wa bonde na nyingine upande wa pili, na jikoni kwa kila mmoja kulikuwa na taa karibu na dirisha. Giza likiingia Gobnait huwasha yake, na ng'ambo ya pili inawaka ya Attracta. Hawakuwahi kulipanga jambo hilo. Lilikuwa likitokea tu.

Ikafika wiki moja kabla ya Krismasi, theluji imeanguka. Asubuhi Gobnait aliteleza jikoni, akaanguka, nyonga ikakataa kumwinua. Akalala sakafuni, na moto ukaanza kufifia.

Siku hiyo Dervla alikuwa ameahidi kuja. Hakuja. Alikwenda sokoni mjini kuuza samaki, akakuta watu wa kuzungumza nao, akasahau.

Siku hiyo Sorcha alikuja. Akafika dirishani na jibini jipya, akalikuta lile alilolileta alfajiri bado lipo, halijaguswa, theluji imelifunika. Alisimama pale. Moyo ulimwambia abishe. Desturi ikamwambia huenda Gobnait leo hataki hata kula, aachwe. Akaliweka la pili juu ya la kwanza, akaenda zake. Ndani, Gobnait alizisikia hatua zake. Angeweza kuita, sauti alikuwa nayo. Hakuita. Mnaona aibu inakoweza kumfikisha mtu?

Siku hiyo giza liliingia, na taa ya Gobnait haikuwaka. Attracta alingoja. Akaosha kikombe kilichokuwa kisafi, akangoja tena. Kisha akavaa koti, akachukua mkate uliokuwa mezani, akavuka bonde kwa miguu, mwanamke wa umri ule, theluji ikimfika magotini. Akasukuma mlango. Akamfunika Gobnait mablanketi, akachochea moto, akampigia daktari, akaloweka mkate kwenye maziwa ya moto na kumlisha kwa kijiko. Yote hayo aliyafanya bila kutamka neno. Gobnait akamshukuru, akalia, akaomba radhi kwa ule mkate wa harusi. Attracta akamfuta mdomo, akamngoja daktari afike, akaondoka. Jioni zilizofuata taa yake iliwaka palepale, yeye hakuonekana.

Binti akapiga simu kutoka Australia. Alisema mama hawezi kukaa peke yake tena: ama apate mtu wa kuishi naye, ama apelekwe mjini kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Hakuwa mkali, alikuwa anaogopa. Na Gobnait aliogopa kuliko yeye, maana nyumba ile ya mjini aliijua. Alishawahi kumtembelea mtu kule, wakakaa kwenye viti vilivyopangwa ukutani, na supu haikuwa na ladha ya kitu chochote. Nyumbani kwake vyumba vya juu vilikuwa vinavuja. Chumba chenye joto kilichobaki ni kile kimoja cha kando ya jiko. Mtu mmoja angeweza kulala humo, na si zaidi.

Kule wana sikukuu wanayoiita Krismasi ya Wanawake, tarehe sita Januari. Siku hiyo wanawake huwaachia waume zao vyombo na kukusanyika kula na kunywa. Hawa wetu hawakuwa na wa kumwachia vyombo. Gobnait alikuwa ameanza kusimama kwa fimbo. Akameza aibu ya kwao, akafungua mlango, akaita. Sorcha akaja na jibini, Dervla akaja na samaki, Attracta akaja na mkate. Wakala. Na safari hii chakula kilikuwa na ladha, hata Gobnait mwenyewe alishangaa. Alikata jibini, akalipaka juu ya mkate, akaweka samaki, akala amekaa.

Walipomaliza akaitoa chupa ya Fintan, akamimina glasi moja tu. Akawaambia maneno ya marehemu, akawaambia habari ya chumba, akawaambia maneno ya binti yake. Atakayeinywa glasi hii ya kwanza, akasema, atahamia hapa na kuketi kwenye kiti kile. Wakakitazama kiti. Hapo kila mmoja akaelewa kwamba wenzake nao wanakitaka, na kwamba amekuwa akikitaka kwa muda mrefu.

Sorcha akasema yake. "Mimi nimekulisha. Jibini nililolitunza kwa mashindano nililileta dirishani kwako, na kila nilipolileta nilisimama kwenye mvua nikitamani uniite. Siku ile nilikosea, na kosa langu nalala nalo. Lakini mtu aliyekosa hivyo hatapita tena mlangoni pako bila kubisha."

Dervla akadakia kwamba dirisha si mlango, na kwamba jibini halijawahi kumjulia mtu hali. Kisha akasema yake. "Mimi niliingia. Najua ninasema sana, na samaki nilimla mwenyewe. Lakini ulicheka, Gobnait, nilikuona kwa macho yangu. Tangu Fintan afe, nani mwingine amekuchekesha?"

Sorcha akamuuliza alikuwa wapi siku aliyoahidi kuja. Dervla akainama. Alikiri kwamba sokoni alipata watu wa kumsikiliza, akasahau kuna mtu anayemngoja.

Wakamgeukia Attracta. Alikuwa akikusanya makombo ya mkate kwa kiganja, taratibu. Mwishowe akasema, bila kuinua macho, "Taa yako nilikuwa naiangalia kila jioni. Hata Fintan alipokuwa hai."

Dervla akasema kwamba basi Attracta ndiye aliyejua kuliko wote jinsi Gobnait alivyokuwa peke yake, maana aliona kila jioni taa moja na kivuli kimoja, na bado akangoja mpaka siku taa haikuwaka. Gobnait akamuuliza Attracta, kwa sauti ndogo, kama akihamia hapa watakuwa wakizungumza.

"Sijui," Attracta akajibu. "Nimesahau inavyofanywa."

Hapo Gobnait akainua glasi. Mvinyo ukacheza kwenye mwanga wa moto. Kuna aliyemlisha lakini hakuingia. Kuna aliyeingia lakini alikuja kwa shida zake mwenyewe. Kuna aliyemwokoa lakini hana neno la kumpa. Akawatazama mmoja baada ya mwingine, nao hawakumtazama yeye, waliitazama glasi.

Msiniambie wote watatu. Jibu hilo nimelikataa kwingine na hapa nalikataa. Chumba ni kimoja na mama yule hana miaka ya kujaribu tena. Wala msiharakishe, kwa kuwa kuna jambo sijawaambia. Yeyote mtakayemtaja, wawili waliobaki watavaa makoti yao. Watatoka, kila mmoja na njia yake kwenye theluji, mpaka kwenye nyumba ambayo hakuna aliyewasha moto, na majira ya baridi bado yako katikati. Mimi nimekaa na hadithi hii muda mrefu, na kila nikimpa mmoja glasi, nawasikia wale wawili wakifunga vifungo.

Haya, wewe uliyekaa karibu na mlango, anza wewe. Je, glasi ile ilimstahili nani?