Mbogo Aliyetamani Rovu

Ngano, ngano!
Naije.
Ije na nini?
Ije na uongo wake.
Na ukweli je?
Ufuate nyuma, tutautambua kwa mwendo.

Basi, hapo kale palikuwa na Digidigi na mkewe, Mwatime. Digidigi haoi wake wengi. Mume mmoja, mke mmoja, kichaka kimoja. Kila asubuhi wawili hao walizunguka mpaka wa kichaka chao. Pembeni mwa jicho la digidigi pana tezi ndogo inayotoa utomvu mweusi. Mwatime alitangulia, akainamisha kichwa, akapaka tone lake kwenye ncha ya kijiti. Digidigi alifuata, akapaka lake juu ya lile. Ndivyo walivyowaambia wapita njia kwamba hapa pana wenyewe.

Siku hizo chumvi yote ya nchi ilikuwa korongoni, kwenye ukuta wa udongo mweupe, na korongo lilikuwa la Mbogo. Hakulirithi wala hakulichimba. Alilala mlangoni pake tu, likawa lake. Akalamba, lap, lap, lap, akalala. Akaamka, akalamba, lap, lap, lap, akalala. Swala akija, Mbogo anainuka, ndu, ndu, ndu, na Swala anakimbia. Ngiri akija, Mbogo anainuka, ndu, ndu, ndu, na Ngiri anakimbia.

Nchi ikakaa bila chumvi. Shingo za wanyama zikaanza kuvimba. Watoto wa Swala wakazaliwa wadogo, wakachelewa kusimama, wakaitwa wasigeuke. Na katika marovu yote ya nchi ile, hakuna lililopita rovu la Mwatime.

Digidigi aliona kwanza kwamba mwendo wa mkewe umepungua. Kisha akamwona anatetemeka kwa baridi juani. Manyoya yakamnyonyoka. Zamani mlio wake ulikuwa dig-dig, dig-dig, kama kokoto mbili zikigongana. Sasa ulitoka mzito, dug... dug..., na baina ya dug moja na nyingine Digidigi alikuwa akisubiri.

Akamwendea Nungunungu, aliyekuwa akitibu watu kwa mizizi. Nungunungu akampapasa Mwatime shingo, kisha akasema wazi kwamba mizizi yake haitafaa kitu. Ndani ya shingo, akaeleza, pana tezi iliyokaa kama kipepeo aliyetua kooni. Kazi yake ni kupika homoni, kitu kidogo sana kinachokwenda na damu kuuambia moyo upige, ngozi ipate joto na mtoto akue. Kiungo cha mapishi hayo ni madini joto, nayo yamo katika udongo wa korongoni. Tezi ikikosa kiungo haiachi kupika. Inapanua jiko.

"Hilo rovu unaloliona," akasema Nungunungu, "ni jiko kubwa lisilo na unga."

Digidigi akaenda korongoni. Akasimama mbali, akaomba kwa adabu kwamba mkewe aruhusiwe kulamba mara moja tu. Mbogo akacheka mpaka udongo ukamwagika kutoka mdomoni. Akauliza huyo mke ana nini hata atake chumvi ya wakubwa.

Digidigi akalitazama tumbo kubwa la Mbogo. Akajua kwamba Mbogo haogopi simba wala moto. Anaogopa kiangazi.

"Hana kitu, mzee," akasema. "Ameota mfuko."

"Mfuko gani?"

"Wa akiba. Anaweka majani humo shingoni. Kiangazi kikija, sisi tutahangaika, yeye atacheua tu. Lakini majirani wanamtania, naye anataka uishe. Chumvi huunyausha mfuko. Asiyelamba, wake unakua."

Mbogo akaacha kutafuna. "Kijitu kama mkeo kiwe na mfuko, mimi nisiwe nao?"

Akainuka. Ndu, ndu, ndu, akalipa korongo mgongo.

Lakini mlafi hamwamini mtu. Mbogo hakwenda mbali. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kichaka cha Digidigi, akalala kando ya Mwatime, apate kupima shingo yake na ya mwenzake kila asubuhi. Akatangaza kwamba mfuko wa Mwatime ukinywea hata kidogo, atajua amedanganywa, atarudi korongoni, na atakayemkuta huko atamkanyaga.

Hilo Digidigi hakuwa amelifikiria.

Swala wakaenda korongoni, wakalamba, wakarudi, shingo zikanywea. Ngiri wakaenda, wakalamba, wakarudi, shingo zikanywea. Pundamilia wakaenda, wakalamba, wakarudi, shingo zikanywea. Mbogo aliwaona, akawaita wajinga wanaoua mifuko yao. Mwatime hakwenda.

Siku moja Mbogo akiwa malishoni, Digidigi alileta bonge la udongo mweupe chini ya ulimi. Mwatime akageuza uso.

"Litupe, mume wangu."

"Lamba kidogo. Hataona."

"Ataona. Yule haangalii kitu kingine." Akapumzika kabla ya kuendelea. "Watoto wa Swala wameanza kusimama. Ngoja wakimbie."

Digidigi akabaki na lile bonge mdomoni, hawezi kulimeza wala kulitema.

"Usinune," akasema Mwatime. "Tangu nizaliwe sijaonewa wivu na mkubwa. Niache nijivunie."

Mvua zikaisha, kiangazi kikaingia. Shingo ya Mbogo ikaanza kuvimba, naye akafurahi. Ikavimba zaidi, akafurahi zaidi. Akaanza kutetemeka juani, akasema ni raha ya kumiliki mali. Akalala asubuhi, akalala mchana, na maneno yake yakawa yanatoka moja moja, kama mtu anayeyavuta matopeni.

Asubuhi moja akauliza bila kuinuka, "Upi mkubwa?"

"Wako, mzee," akasema Digidigi.

"Basi... sasa... nitacheua."

Akafumba macho, akasubiri majani yapande kutoka shingoni. Hayakupanda. Akaendelea kusubiri. Miguu ilikuwa imekwisha kumsahau.

Digidigi akakimbia. Dig-dig, dig-dig, mpaka korongoni. Akabandua udongo mweupe, akarudi, dig-dig, dig-dig, mpaka kichakani. Akaliweka bonge midomoni pa Mwatime. Ulimi ukatoka, ukalamba mara moja, ukabaki nje.

Akamwita, dig-dig. Akasubiri dug.

Akasubiri.

Nyuma ya kichaka watoto wa Swala walipita mbio, wakirukiana.

Hata sasa Digidigi anazunguka mpaka wake kila asubuhi. Akifika kwenye kijiti husimama kwanza, kama anayempisha mtu atangulie. Kisha hupaka tone lake.

Ngano yangu imefika kwao.
Nasi tumeisindikiza.
Na funzo lake?
Tupe.

Funzo lake ni kwamba mwenye akili hushinda. Digidigi alishinda, na nchi nzima inalamba chumvi. Tena mkimkuta njiani, mkaona ule mstari mweusi chini ya jicho lake, msisimame kumpa pole. Yale si machozi. Ni tezi tu.