Thelathini wa Kasuku na Saba wa Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo ya watu walioshiba uji? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Watoto sogeeni mbele. Wakubwa acheni miayo, maana hadithi hii ni yenu kuliko yao.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na vyuo. Ndiyo, vyuo, usicheke. Asubuhi walisoma, jioni walicheza mpira. Na ukweli usemwe, wengi walikwenda kwa ajili ya hiyo jioni.

Kilikuwako Chuo cha Majabalini, juu kilimani penye miamba. Hapo aliishi Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Mdogo, mnene, hana mkia, ila meno anayo. Bi Pimbi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mpira. Uwanja wa chuo aliukata mwenyewe, kwa meno yake, ng'wafu, ng'wafu, miaka saba, mpaka ukawa laini kama mkeka mpya. Aliupenda uwanja ule. Aliupenda kuliko alivyompenda mumewe, na mumewe alijua.

Sasa sikilizeni desturi ya huko. Kila mwaka masika yakiisha, Majabalini walicheza na Nyumbu wa Chuo cha Bondeni. Pembe ya tandala ilipulizwa mara tatu. Ikilia ya tatu, kila chuo kiwe na wachezaji kumi na mmoja mstarini. Kumi na mmoja, si kumi. Chuo kisichotimiza, uwanja wake unakuwa malisho ya wenzao, milele. Na Nyumbu wakishaingia uwanjani kula, jamani, hapo hakuna uwanja tena. Kuna matope.

Mwaka huo kocha wao, Mbuni, akaoa nyikani. Akaondoka na wachezaji kwenda kumshangilia harusini. Harusi ikaisha, hawakurudi. Majabalini wakabaki na wachezaji wanne. Mwezi mmoja tu, masika yaishe.

Kamati ikakaa. Bi Pimbi katikati, Ngiri kulia, Kanga kushoto. Walioomba kazi ni wawili, Kasuku na Nungunungu.

Mjue pia jinsi makocha walivyopimwa. Kijana mpya akifika chuoni, aligonga ngoma ya langoni mara moja. Du! Kilima hadi kilima walisikia, wakahesabu. Kocha mwenye ngoma nyingi ndiye kocha mkubwa. Basi, hicho ndicho kilikuwa kipimo.

Ngiri akasimama, mkia wima. "Kasuku, mwaka jana, Chuo cha Mikuyuni, ngoma thelathini! Nungunungu, Chuo cha Vichuguuni, ngoma saba. Thelathini kwa saba! Tunajadili nini hapa? Tukanywe maji."

"Mwaka juzi je?" akauliza Kanga.

"Kasuku ishirini na nne. Nungunungu sita."

"Na mwaka wa kabla?"

"Kasuku ishirini. Nungunungu saba. Mwenzetu huyo hakui!"

"Mbona Vichuguuni wamewafunga Mikuyuni miaka yote mitatu?"

"Bahati," akasema Ngiri. "Bahati, na upepo."

Bi Pimbi alikuwa na swali. Lilimkaa kooni. Hao thelathini wa mwaka jana wako wapi leo? Kama wapo, wa nini wengine wengi hivyo kila mwaka? Swali zuri, sivyo? Je, aliuliza? Hakuuliza. Aliogopa Ngiri atamwona mshamba. Akameza swali lake, akainua mkono, akampigia kura Kasuku. Kura mbili kwa moja. Nyie wakubwa mnaoinamisha vichwa hapo nyuma, najua mmekaa kamati kama hizo.

Kasuku akaajiriwa. Huyo, puru! Akaruka mti kwa mti, nyumba kwa nyumba. Kila mlangoni aliimba wimbo mmoja. Nisaidieni:

Namba kumi, namba kumi,
mgongoni mwako wewe!
Namba kumi, namba kumi,
nani tena kama wewe?

Alimwimbia Swala. Alimwimbia Nyani. Alimwimbia Tumbili, alimwimbia Kiboko. Akamwimbia na Konokono, na Konokono akaamini.

Zikabaki siku nne. Ngoma ya langoni ikaanza kulia. Du! Du! Du! Ngiri akahesabu kwa sauti, akirukaruka. Kumi! Ishirini! Du! Thelathini! Vilima vyote vikasikia. "Nilisema, sikusema?" Ngiri akapiga kelele. Bi Pimbi akacheka, akajiona mjinga kwa lile swali lake. Akaenda kuleta kapu la jezi.

"Njooni mchukue jezi!"

Swala akaja. "Namba kumi."

Nyani akaja. "Namba kumi."

Tumbili akaja. "Namba kumi, tafadhali."

Kiboko akaja, jezi haimtoshi hata sikio. "Kumi."

"Hebu ngojeni," akasema Bi Pimbi. "Nani kaahidiwa namba kumi?"

Mikono thelathini ikainuka. Nyani akamzaba Swala kibao. Swala akampiga Tumbili teke. Puu! Paa! Jezi namba kumi ikachanika vipande vinne, kila kipande na mwenyewe. Vijana wakamtafuta kocha wao. Kocha? Puru! Kasuku alishakuwa juu ya mti. "Nimeitwa chuo kingine," akasema. "Kocha mkubwa hana makao." Akaenda zake.

Na wale vijana wakaenda zao. Hadi jua linazama walibaki wale wanne wa zamani, na Konokono. Konokono hakubaki kwa mapenzi, alikuwa bado anatembea kulitafuta lango la kutokea.

Zikabaki siku tatu. Usiku huo Bi Pimbi hakula. Alilala kifudifudi katikati ya uwanja, pua kwenye nyasi, akalia. Alilia kwa sababu alijua. Angeuliza lile swali, haya yasingekuwa.

Kulipopambazuka akajikung'uta, akaenda hadi shimoni kwa Nungunungu.

"Hodi!"

"Karibu. Angalia miiba."

"Mwalimu, tulikosea. Nilikosea mimi. Nakuomba."

Nungunungu akatikisa miiba, cha-cha-cha. "Kamati imeishiwa na ndege, sasa inaikumbuka miiba. Mna wachezaji wangapi?"

"Wanne."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

"Twende. Lakini mlangoni kwa watu nitasema mimi. Wewe nyamaza. Kunyamaza unakujua."

Ilimchoma, lakini akafuata.

Nyumba ya kwanza, kwa Nyegere. Nungunungu akasema, "Nimekuangalia ukicheza. Utakuwa beki. Utaumia. Hutafunga goli hata moja."

Bi Pimbi akafumba macho.

Nyegere akacheka. "Kuumia nimezoea. Naja."

Nyumba ya pili, kwa Kobe. "Nimekuangalia. Mbio huna, hutakuwa nazo. Ila ukikaa mahali hakuna wa kukuondoa. Utakuwa golikipa."

Bi Pimbi akafumba macho.

"Mpaka leo hakuna aliyeniambia pa kukaa," akasema Kobe. "Naja. Ngoja nianze safari sasa hivi."

Nyumba ya tatu, kwa Mama Digidigi. Nungunungu akasema, "Mama, mwanao nimemwangalia. Ni mwoga."

Loo! Bi Pimbi alifumba macho, akaziba na masikio. Hata hivyo akasikia.

"Ni mwoga," akasema Nungunungu, "na akiogopa hakuna wa kumshika. Nitampanga pembeni. Atalia siku ya kwanza. Akilia nitakaa naye."

Mama Digidigi akasema, "Kasuku alipita hapa. Akaniambia mwanangu ni simba. Nikajua hamjui, nikamficha. Wewe unamjua. Mchukue."

Ndipo Bi Pimbi akafumbua macho.

Wakamchukua Kicheche, kwa kuwa ananuka na Nyumbu watampisha. Kanga akatoa wanawe wawili. Walisifika kwa kelele, na beki asiyepiga kelele ni kisiki. Sita hao. Na wale wanne, kumi. Bado mmoja.

Wakaenda kwa Tumbili, yule yule aliyekuwa na kipande cha jezi. "Nimekuangalia," akasema Nungunungu. "Namba kumi huwezi. Ukipata mpira hutoi, unacheza na kivuli chako. Nina namba mbili."

"Mbili?" Tumbili akatema mate. "Mimi? Mbili?" Akaubamiza mlango. Pwaa!

"Mwalimu," Bi Pimbi akanong'ona, "ungemwambia tu kumi. Siku moja tu. Nyumbu wakishaondoka tungemweleza."

"Na kesho yake?" akauliza Nungunungu, akaendelea na njia. Hawakupata mwingine. Kila aliyefaa alikuwa ameshaondoka na wimbo wa Kasuku masikioni.

Siku ikafika. Nyumbu wakaja, tifu, tifu, tifu, vumbi hadi mawinguni. Wachezaji kumi na mmoja mstarini, na nyuma yao ukoo mzima umekuja na njaa. Walikwisha kuzitazama nyasi. Mmoja akalamba midomo.

Majabalini wakapanga mstari. Kumi.

Pembe ikalia. Vuuu! Moja.

Bi Pimbi akahesabu. Kumi. Akahesabu tena kuanzia upande wa pili. Kumi.

Vuuu! Mbili.

Ngiri akajificha nyuma ya mwamba. Digidigi akaanza kulia. Nungunungu akaenda akasimama karibu naye, kama alivyosema, wala hakugeuka kutazama njia. Bi Pimbi ndiye aliyetazama njia. Mpuliza pembe akavuta pumzi, mashavu yakajaa.

Kacha kacha kacha! Matawi yakavunjika. Tumbili huyo, kichwa chini miguu juu, akaangukia uwanjani, puu! Anahema.

"Nimekwenda vyuo viwili," akasema. "Kote nimeahidiwa namba kumi. Kote nimekuta inagombaniwa. Mwalimu, hao makocha hawajaniona nikicheza hata siku moja. Umeniona wewe tu. Ile mbili bado ipo?"

"Ipo. Futa pua, ingia mstarini."

Akaingia. Vuuu! Tatu.

Kumi na mmoja!

Bi Pimbi alikaa chini pale pale. Pumzi aliyokuwa ameishika siku tatu ikatoka yote, fyuuu! Akacheka, akalia, akacheka. Akazishika nyasi kwa mikono miwili. Zake. Bado zake.

Mpira ukachezwa. Mnataka kujua walishinda? Walifungwa mbili bila. Kobe alizuia mashuti matano kwa gamba, paa, paa, mawili yakapita. Digidigi alikimbia hadi kona na kurudi bila kugusa mpira. Tumbili alimpa mwenzake pasi moja. Moja tu, lakini aliitoa. Nyumbu wakarudi kwao washindi, matumbo matupu.

Ngiri akatoka nyuma ya mwamba. "Tumefungwa, Mwenyekiti!"

"Tumefungwa!" akaitikia Bi Pimbi, na furaha ikamjaa mpaka akashindwa kusimama.

Mwaka uliofuata kamati ikakaa tena. Ngiri akasema, "Huko alikokwenda, Kasuku ameleta thelathini na tano!" Bi Pimbi akainuka, na safari hii hakumeza kitu. "Na waliobaki ni wangapi?" Ngiri akakuna kichwa. Hakujua. Bi Pimbi akaonyesha uwanjani kwa mdomo, Mwalimu Nungunungu akiwafokea vijana wake. Kobe yupo. Nyegere yupo, kafungwa bandeji. Digidigi yupo, halii. Wale saba wote wapo, wamekuja na wadogo zao, na hakuna aliyekwenda kuwaita. Kamati ikafungwa mapema. Bi Pimbi akateremka, akajinyoosha kwenye nyasi zake kwenye jua la saa nne, akalala usingizi mzito, mdomo wazi.

Basi mafunzo ni haya. Anayempa kila mtu anachotaka kusikia hana cha kumpa yeyote. Kocha msimpime kwa walioingia, mpimeni kwa waliobaki. Na ewe uliye na swali kooni, liulize kabla kura hazijapigwa.

Hadithi yangu imeishia hapo, mimi nimetua mzigo. Aliyeipenda aende nayo nyumbani, na asiyeipenda anisaidie kukunja mkeka.