Ubeleko wa Bi Mashavu

Hapo zamani, tena zamani ya juzi tu, maana pilau yake niliila mwenyewe, Bi Mashavu alimwoza kitinda mimba wake, Raya.

Presha ilimwanza Bi Mashavu wakati Raya akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Daktari akamwambia, "Dawa hizi ni za maisha." Kila asubuhi alivitazama vidonge akiuliza, "Hivi vinaniponya au vinanifuga?" Kisha akameza. Raya akaota meno, mama akameza. Raya akaenda chuoni, akahitimu, mama akameza, ndivyo tulivyojua.

Siku ya harusi wakwe wakaleta ubeleko, ile kanga anayopewa mama kwa kumbeba mwanawe. Bi Mashavu akaiinua, kifua mbele.

"Raya nilimbeba mimi. Lakini miaka ishirini hii nami nimebebwa. Aliyenibeba ndiye atakayejifunga kanga hii."

Makame, mwanawe mkubwa, akasimama. "Ni mimi, mama! Dawa haikukosekana nyumbani hata siku moja. Mvua ilipokata barabara, nilivua viatu nikaifuata hospitali kwa miguu." Wanaume wakapiga makofi.

Mkewe, Kazija, akacheka. "Ulileta, mume wangu. Ulijua zinakwenda wapi? Mwaka ule mama alipoanguka jikoni, nilifua kanga yake nikakuta fundo pindoni, limejaa vidonge vilivyolowa. Alikuwa akijifanya kumeza, kisha anavifunga humo kama hela. Sikumtangaza. Nilimuuliza kwa nini. Akalia, akasema vinamzungusha kichwa, hawezi hata kusuka ukili wa mkeka. Nikampeleka kwa daktari, nikasema, 'Msikilize kwanza.' Akambadilishia dawa. Leo anameza na anasuka. Mkeka waliokalia maharusi ni wake!" Vigelegele vikatikisa bati.

Bi Shuweha, jirani, akashika kiuno. "Na mie je? Nani alimpunguzia chumvi mchuzini, akatukanwa, na kesho yake akarudi? Nani alimgongea dirisha kila asubuhi tukatembea mpaka kisimani na kurudi? Vidonge vilikuwa vinne. Daktari mwenyewe akavifanya viwili. Hivyo viwili vilivyoondoka ni jasho letu!"

Nilikuwa nimeshamchagua Makame, nikahamia kwa Kazija, sasa nikabaki nimeduwaa. Sijawahi kuona watu wakigombea sifa wakapendeza vile.

Mara sauti ikatoka chini ya ushungi. Bi harusi hasemi siku hiyo, ndiyo mila yetu, lakini Raya alisema.

"Mama, mmoja alileta, mmoja aligundua, mmoja alikutembeza. Lakini nani alimeza? Uliogopa kila siku, ukaacha, ukaanguka, ukarudi ukameza, na leo umesimama harusini kwangu. Jifunge mwenyewe!"

Bi Mashavu akaikumbatia kanga, machozi yanamtoka, kichwa kiko juu. Akatutazama sote, mmoja mmoja, wala hakuifunga.

Haya, nyinyi mliotega masikio, kanga ni moja tu. Je, ilistahili kiuno cha nani?