Bahasha Iliyozunguka Jumuiya

Wapendwa, kabla hamjaanza kutazama saa, niwape habari ya mama mmoja, fundi cherehani. Siku moja alikuwa akijipima blauzi yake mwenyewe, kidole kikagusa kitu kigumu kwenye titi, kidogo kama punje ya hindi. Akaenda hospitali, wakachukua kinyama kwa sindano kwenda kupima. Baada ya siku kadhaa akapewa bahasha ya majibu, akaambiwa aipeleke kwa daktari.

Hakuipeleka. Dada yake aliambiwa ana saratani mwezi wa pili, mwezi wa tano wakamzika. Basi mama huyu aliisukumiza bahasha mkobani, akatoka getini. Mtamlaumu? Ninyi ambao simu ya hospitali ikiita mnaiacha mpaka inyamaze yenyewe, mtamlaumu?

Alhamisi akaipeleka kwenye sala za jumuiya. "Humu mna majibu yangu," akasema. "Naogopa. Niombeeni Mungu ayabadilishe."

Wakalia naye. Kisha mwenyekiti akatoa wazo, na wote wakaliona zuri ajabu: "Ilale kila nyumba wiki moja, chini ya Biblia, mpaka izunguke jumuiya nzima." Nyumba zilikuwa kumi na sita. Hesabuni wenyewe.

Waliomba kweli, msiwacheke. Wengine walifunga. Bahasha ikapata madoa ya chai na ya mafuta ya taa, lakini hakuna aliyeifungua. Na yule mama kila akioga alijigusa pale, akajiambia kiko vilevile. Moyoni alijua hakiko vilevile.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya muuza maandazi, mama asiyejua kunong'ona, ambaye Alhamisi zote huwa kwenye biashara yake. Akaipokea, akaigeuzageuza.

"Inasemaje?"

"Hatujui," wakamjibu.

"Karibu miezi minne mnaomba, na hamjui mnaombea nini?"

Kesho yake akamshika yule fundi cherehani mkono mpaka kwa daktari. Daktari akafungua, akasoma, akaangalia tarehe, kisha akaangalia kalenda ukutani.

"Mama, uvimbe si wa aina moja," akasema. "Kuna ule unaokaa palepale ulipoota, hauna madhara. Kuna saratani, ambayo inasambaa. Na kuna hatua ya katikati: chembe zimeanza kubadilika, ila bado si saratani. Wewe ulikuwa hapo katikati. Imeandikwa urudi ndani ya wiki mbili, tuutoe, tumalize."

"Kwa hiyo ni habari njema, daktari?"

"Ilikuwa njema, mama. Leo lazima tupime upya."

Mmesikia? Jibu la Mungu lilikuwa limeshafika kabla nyumba ya kwanza haijapiga magoti. Likalala chini ya Biblia wiki kumi na tano. Nani alilizuia? Msimsingizie Shetani. Ni sisi, tena kwa upendo wetu wote.

Naona nyuso zenu, mnataka kujua kipimo cha pili kilisema nini. Sitawaambia. Nendeni na wasiwasi huo nyumbani, muone ulivyo mzito, maana humu ndani kuna mtu anao mkobani sasa hivi. Kuna mwenye uvimbe ambao hata mumewe hajui. Sisi tunapenda kuombea kilichofungwa, kwa sababu kikiwa kimefungwa hatulazimiki kuinuka na kwenda popote.

Baada ya ibada nitakuwa pale mlangoni. Njoo na bahasha yako. Nitakuombea, tena kwa machozi. Lakini kwanza tutaifungua.