Fisi Alivyopanda Farasi wa Pimbi

— Hadithi! Hadithi!
— Ipisheni ipite!
— Ina kelele.
— Tumezoea!
— Ina uongo kidogo.
— Utie na chumvi!

Basi kaeni. Na wewe pale acha kusinzia, maana sirudii.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana malori yalikuwepo, palikuwa na Pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama mfupi, mnene, mkia hana, anaishi kwenye mawe. Huyu Pimbi wetu alikuwa mama wa watoto sita, na alikuwa na farasi.

Alimpata wapi? Hakumwiba. Wajenzi wa barabara walipiga kambi chini ya mawe yake miaka minne. Walikuja na makatapila, wakaja na mapipa ya lami, wakaja na farasi mmoja wa kubebea maji. Barabara ilipokwisha walipakia kila kitu wakaondoka. Farasi walimsahau. Au walimwacha, sijui, mimi sikuwepo.

Farasi huyo alikulia kwenye makelele, hakushtuka na kitu. Pimbi na wanawe walipotaka kwenda bwawani, walimpanda wote saba, naye akatembea pembeni mwa lami, upande wa kushoto, ko-ko, ko-ko, ko-ko.

Pimbi akipiga kelele, "Lori!"

Farasi hujibu, "Nimeliona."

"Basi!"

"Nimeliona."

"Pikipiki, tena imebeba kitanda!"

"Nimeiona."

Na haongezi neno.

Kule kambini alifundishwa mambo mawili tu. La kwanza: aliyekaa mgongoni ndiye bosi, mfikishe anakotaka. La pili: ukikuta matawi mabichi yamelazwa barabarani, mbele kuna gari limeharibika, simama mpaka aliyeyaweka ayaondoe. Madereva wakiona matawi hupunguza mwendo, wengine hata hawapunguzi. Farasi aliambiwa asimame, basi alisimama.

Sasa Fisi.

Fisi alimtazama farasi huyo miezi mitatu kutoka vichakani, mate yakimtoka chururu, chururu. Alimtaka. Lakini farasi alikaa ukingoni mwa barabara kutwa kucha, na Fisi aliyaogopa magari kuliko alivyoiogopa njaa. Tena habari za teke la farasi alikuwa amezisikia. Angeweza kuwaita ndugu zake wamsaidie. Hakuwaita. Ndugu wana vinywa.

Kiangazi kikaja. Fisi akaenda kwenye mawe ya Pimbi, akajibwaga mlangoni, pwaa!

"Pimbi!"

"Abee, mjomba."

"Nipe farasi."

"Wa kufanyia nini?"

"Wa kupanda," Fisi akasema, akameza mate. "Magoti yananiuma."

"Na nisipokupa?"

"Nitalala hapa. Leo nitalala, kesho nitalala, keshokutwa nitalala. Hakuna atakayetoka kwenda majini. Unao sita, sivyo?"

Akalala kweli. Siku ya kwanza watoto wa Pimbi walilia kiu. Siku ya pili walilia kiu. Siku ya tatu hawakulia tena, na hapo Pimbi akaogopa.

"Mjomba, mchukue," akasema. "Lakini mimi siwezi kukuletea. Yule haburutwi kwa kamba. Mpande mwenyewe, umwambie unakokwenda, atakufikisha."

"Hata Korongo la Mifupa?"

"Hata huko."

Korongo la Mifupa ndiko nyumbani kwa Fisi. Hakuna barabara, hakuna gari, hakuna mtu. Anayepelekwa kule harudi. Pimbi alilijua hilo. Fisi naye alijua kwamba Pimbi analijua, akacheka, akainuka mlangoni.

Pimbi akamwendea farasi. "Kesho asubuhi utambeba mjomba Fisi."

"Kwenda wapi?"

"Korongo la Mifupa."

Farasi akatafuna nyasi zake kidogo. "Ni mbali," akasema. Basi, ndilo neno alilosema. Jioni ile watoto walipelekwa bwawani, wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma. Pimbi hakunywa.

Asubuhi Fisi akapandishwa. Pimbi akamwambia, "Shika manyoya ya shingo. Usimpige. Na gari likija usiruke. Yeye hashtuki, anayeshtuka ni aliyempanda."

"Mimi ni Fisi," Fisi akasema. "Nishtuke na nini?"

Ko-ko, ko-ko, ko-ko. Wakaondoka. Pimbi aliwatazama mpaka kwenye kona, kisha akakata njia ya mkato kati ya mawe, mbio, tumbo likigusa chini.

Huku barabarani, tu-tu-tu-tu-tu! Pikipiki.

"Mama yangu!" Fisi akalia.

"Nimeiona," farasi akasema.

Mbele kidogo, pooo! Vuuuum! Basi.

"Linatuua!"

"Nimeliona."

Mbele tena, ngurrrr! Lori la mafuta, lenye magurudumu ambayo Fisi aliyahesabu mpaka akapotea. Hapo akafumba macho, akaikumbatia shingo ya farasi kwa miguu yote minne. Ndiyo ile ile shingo aliyopanga kuing'ata. Meno yako juu ya nyama, nyama iko chini ya ulimi, lakini nani atang'ata kitu pekee kinachomzuia asianguke chini ya magurudumu? Akabaki anailamba tu, akilia.

"Bado mbali?"

"Tukivuka daraja, tunaiacha barabara."

Fisi akapata moyo. Ko-ko, ko-ko, ko. Farasi akasimama.

Fisi akafumbua jicho moja. Wako kwenye daraja jembamba, na mbele yao matawi ya mwarobaini yamelazwa juu ya lami, mabichi, ncha zake zimetafunwa kwa meno.

"Mbona tumesimama?"

"Kuna matawi."

"Yakanyage!"

"Mbele kumeharibika."

"Mbele hakuna kitu! Naona mpaka ng'ambo!"

"Hata mimi naona," farasi akasema. "Lakini kuna matawi."

Fisi akampiga kisigino. Hakwenda. Akambembeleza. Hakwenda. Akamtukana mama yake. Farasi akafukuza nzi.

Nyuma yao lori likasimama. Nyuma ya lori basi likasimama. Ng'ambo ya pili nako magari yakasimama, maana daraja ni moja na farasi yuko katikati. Pooo! Peee! Pi-pi-piii! Utingo wa lori akashuka kuangalia kuna nini.

"Jamani, njooni muone! Fisi kapanda farasi!"

Abiria wakateremka wote. Mmoja ana jeki, mmoja ana fimbo ya kuchungia, na mama mmoja muuza wali ana mwiko. Mwenye mwiko alikuwa wa mbele.

Hapo ndipo Pimbi alipoonekana, amekaa juu ya ukingo wa daraja, anahema.

"Mjomba, magoti yanaendeleaje?"

"Pimbi! Nani kaweka matawi haya?"

"Mimi."

"Yaondoe, mwanangu, nakuomba!"

"Mimi humwondolea mwenye farasi tu. Kwani huyu farasi ni wa nani?"

Fisi akaona mwiko unakaribia. "Wako! Ni wako, Bi Pimbi!"

"Sema kwa sauti, hawa ndugu wa nyuma hawajasikia."

"Farasi ni wa Pimbi!"

"Nilikupa mbele ya shahidi gani?"

Fisi akafikiri. Mlangoni pa Pimbi hakukuwa na shahidi. Hata ndugu zake hakuwaambia, asije akagawana nao. "Hakuna," akasema.

"Basi mtu aliyepanda farasi wa mwenzake, na shahidi hana, huitwaje?"

Fisi hakuwahi kuwa mwepesi wa kufikiri. "Mwizi?" akasema.

Watu walikuwa wanalingoja neno hilo tu. "Mwiziiii!"

Fisi akaruka. Aliambiwa asiruke, akaruka. Akapita juu ya ukingo wa daraja, na mto ulikuwa mkavu, mawe matupu, puu! Akainuka, akachechemea mpaka korongoni, na jeki ikamfuata nyuma ikamkosa kidogo tu. Wengine husema ndiyo sababu fisi wanachechemea mpaka leo. Si kweli, huyu alikuwa anachechemea tangu asubuhi. Ila barabara ile hakuikanyaga tena.

Pimbi akaondoa matawi, moja, moja, mpaka la mwisho. Magari yakapita. Akampanda farasi wake, wakageuka kurudi nyumbani.

Wakaenda kitambo. Farasi akauliza, "Na kama mbuzi wangeyala yale matawi kabla sijafika?"

"Walikuja. Niliwafukuza mara tatu."

"Wangeyala, mimi ningempeleka korongoni."

"Najua," Pimbi akasema, akaanza kulia. "Ungempeleka, tena kwa mwendo mzuri. Hicho ndicho kilichoniogopesha."

Hadithi yangu imefika, mimi nateremka. Anayeipenda aipande, asiyeipenda aende kwa miguu.

Funzo lake, kwa kuwa mnalidai: msipande chombo kinachofuata sheria. Mtazameni Fisi, maskini. Angepata farasi mwenye kiherehere, asiyejali matawi wala daraja, siku ile angekula akashiba.